Mjukuu wa Kijiko

"Niulizeni lolote," Historia aliwaambia wageni pale getini, kifua mbele, kofia ya jua imekaa upande. "Lolote lile. Hakuna jiwe, hakuna bawaba, hakuna panya katika kijiji hiki nisiyemjua yeye na ukoo wake. Nikishindwa swali moja, mrudishiwe kiingilio mwende zenu."

Wageni kumi na wawili walitazamana. Mama mmoja mwenye miwani nyeusi ya kufunika nusu ya uso akanyoosha mkono.

"Choo kiko wapi?"

Historia alikohoa. Akavua kofia, akaivaa tena. Choo hakikuwepo. Ofisi ya Urithi ilikuwa imekirudisha kijiji kizima kama kilivyokuwa enzi za wakoloni: kuta zimepigwa chokaa, vigae vyekundu vinang'aa juu ya mapaa, maua yamepangwa kando ya njia kama wanajeshi. Na kwa kuwa wakoloni walijisaidia kwenye vyungu ambavyo asubuhi vilibebwa na watu wengine, hakuna aliyekumbuka kuchora choo kwenye ramani. Mgeni aliyebanwa alikuwa na njia moja tu. Ashuke nyuma ya Nyumba Kuu, iliyokuwa ya bwana mkoloni, hadi safu ya nyumba za watumishi, nyumba namba tano, ambako Historia aliishi na mkewe, watoto wawili na mama mkwe.

Basi ziara ya kijiji cha kupendeza ikaanzia chooni kwa kiongozi wake. Hakuna aliyedai kiingilio, maana waliobanwa hawana muda wa kudai haki.

Mkewe alikuwa uani, mikono imezama kwenye beseni la mashuka ya hoteli. Aliinua uso akaona foleni.

"Tena?"

"Ni wageni wangu, mama watoto."

"Ni wageni wako, choo ni changu. Wakimaliza waambie maji ya kumwagia yako kwenye ndoo, si kwenye beseni la mashuka kama yule wa jana."

"Na hiki nacho ni sehemu ya urithi?" aliuliza mama wa miwani, akichungulia mlango wa bati.

"Ni sehemu ya mazingira," alijibu Historia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelisoma jibu hilo mahali.

Jina Historia alipewa na wenzake wa pale getini, na hawakumpa kwa heshima. Miaka kumi na mmoja iliyopita alifika kijijini na boksi la kuuza makava ya simu. Siku moja kiongozi wa wageni aliumwa, wageni wakamkuta yeye amesimama mlangoni mwa Nyumba Kuu, wakamuuliza nani aliijenga. Akawajibu. Hakujua, lakini akawajibu, tena kwa tarehe. Tangu siku hiyo hakuuza kava hata moja.

*

Barua ya Ofisi ya Urithi ililetwa mchana huohuo na mlinzi wa geti, ambaye alikuwa ameshaisoma, kwa hiyo aliwapa pole kabla ya kuwapa barua.

Mkewe aliisoma kwa sauti. Nyumba za watumishi, namba moja hadi tano, zingegeuzwa vyumba vya kunywea kahawa na maduka ya kumbukumbu. Wakaaji wahame ifikapo mwisho wa mwezi, isipokuwa yule atakayethibitisha kuwa ana uhusiano wa kihistoria na Nyumba Kuu. Huyo angebaki kwenye nyumba yake maisha, kama kivutio. Afisa angefika Jumamosi na fomu, na wakaaji wote wa nyumba husika wahudhurie.

"Kivutio," alisema mkewe. "Haya, mwenye uhusiano. Wewe una uhusiano gani na Nyumba Kuu zaidi ya kuifagia?"

"Mimi sifagii. Mimi naelekeza wageni."

"Jumatatu nilikuona na ufagio."

"Nilikuwa naelekeza vumbi."

Hakucheka mtu. Nje ya kijiji kile chumba kimoja tu cha kupanga kingekula mashuka yote aliyofua mke na porojo zote alizouza mume, na shule ya watoto ilikuwa hapo chini ya kilima, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage. Alikuwa bibi mrefu, mkavu, asiye na meno ya mbele, aliyehamia kwao miaka minne nyuma baada ya mvua kuangusha nyumba yake ng'ambo ya bonde. Katika miaka hiyo minne hajawahi kukanyaga Nyumba Kuu. Wakimwalika husema, "Sina haja." Waliona ni ukaidi wa uzee.

Historia alitoka bila kuaga. Alirudi saa kumi, uso unang'aa kama aliyeokota pochi.

"Nimepata babu," alisema.

Mkewe aliacha kukamua shuka. "Umepata nini?"

"Babu. Kwenye kitabu cha matumizi ya Nyumba Kuu, kile kilicholazwa ofisini kwa msimamizi. Kila mwezi kimeandikwa: Kijiko, mpishi. Ukurasa wa kwanza Kijiko, ukurasa wa mwisho Kijiko. Miaka thelathini na mmoja! Mtumishi mwaminifu kuliko wote, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kusema ni wake."

"Babu yako alikuwa mchoma mkaa, baba watoto. Ulinionyesha mwenyewe kovu la baba yako la kubeba magunia."

"Sasa ni mpishi."

"Tangu lini?"

"Tangu saa tisa."

"Na Kijiko ndilo jina la mtu?"

"Bwana Mkubwa na Memsabu walimpa. Kwa mapenzi."

"Kwa mapenzi," alirudia mama mkwe taratibu, kama mtu anayeonja kitu kuona kama kimechacha. Akatupa punje mbovu ya maharage uani. "Na wewe umeyasoma wapi hayo mapenzi, baba?"

"Kitabuni, mama. Kitabu hakina sababu ya kudanganya."

"Aah. Na umempa mke?"

"Nani?"

"Huyo babu yako. Kama ni babu lazima alikuwa na mke."

Historia alifikiri. "Bado," alisema.

*

Siku zilizobaki alizitumia kumlea marehemu. Jumatano Kijiko alipata mke na watoto saba. Alhamisi alipata tabia: mpole, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa supu. Kufikia Ijumaa alikuwa amemwokoa Bwana Mkubwa asizame mtoni, ingawa mto wenyewe ulikuwa unafika magotini. Wageni walimpenda. Bakshishi iliongezeka. Historia akaanza kumwota kweli, na asubuhi moja alimwambia mkewe, tena kwa huzuni, kwamba anamkumbuka sana babu.

"Mkumbuke ukiwa unabeba hii," mkewe alimjibu, akimtwisha televisheni.

Ilikuwa sheria ya kijiji. Mlinzi akipuliza filimbi saa tatu na nusu, wakaaji wote walitakiwa kuficha maisha yao: plastiki zote chini ya kitanda, antena ishushwe, kamba ya nguo ifunguliwe, jiko la gesi lifunikwe gunia. Mahali pake kilitolewa chungu kilichotoboka na pasi ya mkaa isiyofunguka. Saa kumi na moja filimbi ya pili ilipolia, watu waliruhusiwa kuishi tena. Kwa ajili ya ujio wa afisa, ofisi ilileta na orodha ya nyongeza. Mapazia ya maua yaondolewe, kwa kuwa watumishi wa enzi zile hawakuwa na mapazia.

"Walibadilishaje nguo?" mkewe aliuliza.

"Haijaandikwa," alisema mlinzi.

Fundi cherehani wa namba tatu alikuwa amekata tamaa mapema. Alipita Ijumaa na mashine yake kwenye toroli, akasimama mbele ya mlango wao.

"Jirani, nasikia umepata babu."

"Nimempata, Mungu ni mwema."

"Hongera. Mimi ningejua mababu wanaokotwa humo ofisini, ningeingia nikachukua wawili, mmoja akae akiba." Akasukuma toroli lake, na Historia akajifanya anarekebisha kofia.

Jioni ile aliwafundisha watu wake. Mkewe angesema "babu mkwe" na kuinamisha kichwa. Watoto wangekuwa shuleni kwa masomo ya ziada, kwa sababu watoto husema ukweli bila kulipwa. Ikabaki mama mkwe.

"Wewe, mama, utakaa tu hapo mlangoni na pasi. Usiseme kitu."

"Nikiulizwa?"

"Tabasamu."

"Meno sina."

"Tabasamu kwa macho, mama, nakuomba. Nyumba hii ikienda, hata wewe huna pa kulala."

Bibi aliisogeza pasi kando. "Hilo nalijua," alisema. "Mimi nimefukuzwa mahali pengi kuliko wewe."

*

Afisa wa Urithi alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vipya na manukato yaliyofika kabla yake. Hakusalimia mtu kwa jina. Alisema anataka kuiona ziara yote kwanza, achanganyike na wageni kama mgeni wa kawaida, halafu ndipo wajaze fomu. Akajichanganya, na jalada lake kwapani, kama bata kwenye banda la kuku.

Mama wa miwani alikuwa amerudi, safari hii na mumewe wa kubeba mkoba. "Nimemleta asikie habari za Kijiko," alisema. "Nilizisikia kwa shoga yangu, nikalia."

Historia aliwatembeza kama hajawahi kutembeza. Aliwapeleka kwenye maporomoko, wakayapa maji migongo, wakapiga picha. Aliwapeleka kwenye uwanja wa tenisi, ambao nyasi zake zilimwagiliwa mara mbili kwa siku huku bomba la namba tano likitoa upepo. Aliwapeleka makaburini. Pale palikuwa na makaburi kumi na tisa ya wakoloni na moja la mbwa wao, na mbwa alikuwa na jiwe la marumaru lenye tarehe ya kuzaliwa. Waliolichonga jiwe hilo walikuwa upande wa pili wa ukuta, chini ya maegesho ya magari, bila tarehe yoyote. Gari la afisa lilikuwa juu yao.

"Panatuliza moyo," alisema mume wa mkoba.

"Urithi ni hisia," alisema afisa, akasahau kuwa ni mgeni wa kawaida. "Bidhaa yetu ni hisia."

Ziara iliishia kwenye chumba cha kulia chakula cha Nyumba Kuu. Meza ndefu, sahani zisizoguswa, viti vilivyozungushiwa kamba na kibao cha *Usiguse*. Kwenye kabati la kioo, peke yake, lilining'inia koti jeupe la mpishi lenye vifungo vya shaba. Mkewe Historia alikuwa ameshaitwa, amesimama ukutani na kanga yake ya kutokea, macho chini kama alivyofundishwa. Afisa alitandaza fomu mezani, akafungua kalamu.

"Basi hili," Historia alisema, akiweka kiganja juu ya kioo, "ndilo koti la babu yangu. Miaka thelathini na mmoja hakulivua ila kulala. Na siku ile ya mwisho, wakati Bwana Mkubwa na Memsabu wanapanda gari warudi kwao, alisimama pale kwenye ngazi, ndani ya koti hilihili, mwiko wa supu mkononi. Memsabu alilia. Babu alilia. Hata dereva alilia."

"Oooh," alisema mama wa miwani.

"Babu hakula tena. Wiki ya tatu alijilaza. Akawaita wanawe saba. Akainua mkono, hivi, akasema, 'Chakula tayari, Memsabu.' Akakata roho."

Mama wa miwani alivua miwani. Mumewe alitafuta leso kwenye mkoba. Afisa, ambaye urithi ulikuwa kazi yake, alipangusa pembe ya jicho kwa kidole kidogo, akaandika: *Uhusiano: mjukuu.*

"Alikata roho saa ngapi?"

Sauti ilitoka nyuma. Haikutoka kwenye mlango mkubwa walioingilia wageni. Ilitoka kwenye kimlango kilichopakwa rangi ya ukuta, ambacho Historia kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaambia watu ni kabati. Kimlango kilikuwa wazi. Mama mkwe alisimama hapo, pekupeku, ndala zake mkononi.

"Mama," Historia alisema bila kufungua meno, "tulikubaliana utakaa."

"Barua imesema wakaaji wote wahudhurie. Nimehudhuria. Nauliza tu alikata roho saa ngapi, nijue."

"Bibi," alisema afisa, "wewe ni nani?"

"Mimi ndiye Kijiko."

Wageni walicheka. Ni kicheko kizuri walichokuwa wamekilipia, walidhani ni sehemu ya ziara. Afisa naye alicheka kidogo, kikazi. Ni mkewe Historia peke yake aliyeacha kutazama chini.

"Kijiko ni mwanamume," alisema Historia. "Yumo kitabuni. Miaka thelathini na mmoja."

"Kitabu kiliandika koti, mwanangu." Bibi aliingia, akapita kati ya meza na ukuta bila kuangalia anapokanyaga, kama mtu anayepita chumbani kwake gizani. "Memsabu alileta koti moja tu, la kitambaa cha kwao. Akasema hashoni jingine na hajifunzi jina jingine. Koti likikuenea, wewe ni mpishi, na mpishi ni Kijiko. Tulikuwa watano. Wa kwanza alitoroka. Wa pili aliungua mkono, wakamrudisha kwao. Wa tatu alifungwa kwa ajili ya sukari, kikombe kimoja. Wa nne alikuwa baba yangu."

Hakuna aliyecheka tena.

"Alipoanza kukohoa damu walimvua koti hapa, hapa uliposimama wewe mwenye mkoba. Hawakungoja hata afike mlangoni. Halafu Memsabu akaniangalia urefu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekuja kumletea baba dawa. Nilikuwa mrefu."

"Mama," alisema binti yake. "Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Mama yako ni kijiko?"

Afisa alipekua jalada lake, kisha akalifunga. "Bibi, pole sana, lakini ofisi inahitaji ushahidi. Kila mtu anaweza kusimulia."

"Hilo nimeliona," bibi alisema, na hakumtazama Historia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Una ufunguo wa kioo hicho? Toa koti. Mkono wa kulia ulikuwa mrefu, ulikuwa unaingia kwenye mchuzi. Niliukunja kwa ndani nikaushona kwa uzi wa kijani, kwa sababu uzi mweupe ulikuwa wa Memsabu na ulihesabiwa. Mshono mbaya. Sikuwa fundi."

Msimamizi aliitwa, ufunguo ukaletwa. Afisa alilishika koti kwa ncha za vidole, akapindua mkono wa kulia. Uzi ulikuwa wa kijani. Mshono ulikuwa mbaya kweli.

Historia aliangalia mlango mkubwa. Mlinzi alikuwa amesimama hapo, ameegemea, anafurahia.

"Yuko hai!" alisema afisa, na macho yake yalianza kufanya hesabu. "Mpishi mwenyewe, hai! Hii ni bora kuliko mjukuu. Bibi, tutakuweka kwenye bango la barabarani. Tutakuvisha koti..."

"Hilo koti hutanivisha. Nyumba namba tano tulikuwa tunalala Kijiko wa nne na mimi, chumba cha kushoto. Shika kalamu."

Afisa alishika kalamu. Akafuta *mjukuu*, akafuta jina la Historia, akaandika la bibi kwa herufi kubwa, akagonga muhuri. Kisha akamnyooshea Historia ncha ya kalamu kama mtu anayeonyesha doa.

"Na huyu nimwandike nani?"

Bibi alimkagua mkwe wake kuanzia kofia hadi viatu, bila haraka, kama Memsabu alivyowahi kumkagua yeye.

"Mume wa mwanangu. Andika, yupo kwa hisani ya mkewe."

Mkewe alijiziba mdomo na pindo la kanga. Mabega yake yalitikisika, na haikujulikana kama ni kilio au ni kile kingine. Mama wa miwani alikuwa ameshainua simu, anarekodi. Historia alisimama kando ya kabati tupu, kofia mikononi, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

Bibi aliinua kamba, akavuta kiti cha kichwani mwa meza, akaketi. Akaweka ndala zake juu ya sahani.

"Haya, mwanangu, endelea," alisema. "Watu wamelipa. Ulikuwa umefika pale ninapokufa."